Tamathali za Usemi katika Ushairi: Kutaja Jina Hakutoshi

Chukua swali la ushairi la aina hii: "Bainisha tamathali mbili za usemi zilizotumika katika shairi na ueleze umuhimu wake (alama 4)." Mtahiniwa anaandika: "Tashbihi – mbio kama vile swara. Tashihisi – mto wawacheka." Kisha anahamia swali linalofuata akiamini kwamba amemaliza kazi. Hajamaliza. Ametambua tamathali, akanukuu, lakini neno "ueleze" ameliruka. Alama alizoziacha hapo hazikumhitaji akariri jambo lolote jipya. Zilimhitaji afikirie kidogo tu kuhusu kile alichokwisha kukinukuu.

Karatasi ya Fasihi ya KCSE (102/3) ina jumla ya alama 80, na kila swali lina alama 20. Aghalabu swali la ushairi huwa na sehemu inayohusu tamathali au mbinu za lugha. Aidha, mwanafunzi asiyefahamu tamathali hatapata shida katika sehemu hiyo peke yake. Ataeleza dhamira ambayo haimo, atakosea toni, na hata kuandika ubeti kwa lugha ya nathari kutamshinda, maana atakuwa akibadilisha maneno ya mshairi kwa maneno mengine bila kuingia ndani ya maana. Ndiyo sababu makala haya yanawalenga walimu na watahiniwa kwa pamoja. Mwalimu wa Gredi ya 7 anayeanza kuwafunza wanafunzi wake ushairi atafaidika sawa na yule anayewaandaa wa Kidato cha Nne.

Tamathali ni nini?

Tamathali za usemi ni matumizi ya maneno kwa namna inayoyatoa katika maana yake ya kawaida ili kujenga picha, kutia mkazo, kuficha au kuamsha hisia. Baadhi ya wanafunzi hudhani kuwa lugha hii ni ya washairi pekee, na kwamba mtu wa kawaida haitumii. Dhana hiyo haina msingi. Mwanafunzi anayesema kwamba askari wa trafiki aliitisha "chai" hamaanishi kinywaji. Anayesema kwamba mwenzake "amekula chumvi nyingi" anazungumzia umri. Mwalimu anapoambiwa kwamba somo la jana "halikushika", anaelewa mara moja. Mwanafunzi huyu anatumia istiara, nahau na tafsida kutwa nzima bila kuzitaja kwa majina. Mwalimu mwenzangu, anzia hapo. Waulize wanafunzi wakutajie semi kumi za aina hiyo kutoka sokoni, kwenye matatu au uwanjani, na waeleze kwa nini msemaji hakusema mambo waziwazi. Katika jibu la swali hilo la "kwa nini" ndimo lilimo somo zima la tamathali.

Kwa nini mshairi haneni waziwazi?

Historia ya ushairi wetu ina majibu mazuri. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka wa 1913, shujaa huyo yumo kifungoni na walinzi wanamla chakula kizuri anacholetewa. Anamtuma kijakazi Saada kwa mamake na ujumbe wa kishairi. Mama anaelewa: anaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate huo wa makapi, wanaupitisha, na Liyongo anapata chombo cha kukatia minyororo. Ujumbe ule ulipita mbele ya watu waliosikia kila neno lakini wasiambulie maana.

Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu mwaka wa 1840, alitunga wakati wa mvutano kati ya Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said. Kwake fumbo lilikuwa silaha ya majibizano: anayelengwa anachomwa, lakini hana neno moja analoweza kulishika na kulishtakia. Katika wakati wetu, Abdilatif Abdalla alifungwa tangu mwaka wa 1969 hadi 1972 kutokana na waraka wake "Kenya: Twendapi?" Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka wa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Mojawapo ya mashairi ya diwani hiyo, "Mnazi: Vuta N'kuvute", linawaonyesha ndugu wawili wakibishania mnazi. Msomaji anayeishia kwenye mnazi ameona mti tu. Anayejiuliza ni mali gani ya pamoja inayoweza kuwagombanisha ndugu ndiye aliyeanza kusoma.

Basi tamathali haiongezwi katika shairi kama maua mezani. Mara nyingi ndiyo njia pekee ambayo wazo lile lingepitia.

Shairi la mfano

Ili tuwe na kitu cha kushika, tumetunga shairi fupi la tarbia kwa ajili ya somo hili. Lisome mara mbili kabla ya kuendelea. Mara ya kwanza lisome kwa sauti, na mara ya pili kimyakimya huku ukipigia mstari neno lolote ambalo maana yake ya kawaida haitoshi.

DARAJA

Mto ulipofurika, ukanguruma hasira,
Wazee walitandika, magogo yalo imara,
Nanyi nyote mkavuka, mbio kama vile swara,
Mlovuka kwa daraja, mbona sasa mwalivunja?

Ng'ambo mlipofikia, mlikuta shamba jema,
Asali mkajilia, tumbo zikawa vilima,
Wala hamkuwazia, walobaki wamekwama,
Mlovuka kwa daraja, mbona sasa mwalivunja?

Leo shoka mkononi, mwakata kamba na mbao,
Watoto wa ukingoni, wamebeba ndoto zao,
Mto wawacheka chini, wangoja miili yao,
Mlovuka kwa daraja, mbona sasa mwalivunja?

Gharika haina ndugu, haibishi hata hodi,
Shamba liotapo gugu, mtatamani kurudi,
Mtalia, "Enyi ndugu!", nao mto utazidi,
Mlovuka kwa daraja, mbona sasa mwalivunja?

Maswali manne ya kuiuliza tamathali

Unapokutana na usemi wowote wa kitamathali, uulize maswali manne kwa mpangilio huu:

1. Ni nini hasa kinachozungumziwa?
2. Kimelinganishwa na nini, au kimepewa sura ya nini?
3. Ni sifa gani inayoviunganisha viwili hivyo?
4. Kwa nini mshairi amechagua kitu hiki na si kingine?

Wanafunzi wengi hufika swali la tatu na kusimama. Hebu tuone kinachopotea wasipofika la nne. Katika ubeti wa kwanza tunaambiwa waliovuka walikwenda "mbio kama vile swara". Kinachozungumziwa ni waliovuka. Wamelinganishwa na swara. Sifa inayowaunganisha ni kasi. Mtahiniwa ataandika: "Inaonyesha kwamba walivuka kwa kasi." Si kosa. Lakini duma ana mbio kuliko swara, na duma pia ni neno la silabi mbili ambalo halingezidisha mizani. Kina cha mwisho kando, kwa nini swara? Kwa sababu swara hukimbia kwa kuwa ni windo. Hana makucha wala meno ya kujitetea, na usalama wake ni miguu yake. Kumbe waliovuka walikuwa wanyonge waliotishwa na mto, na daraja la wazee ndilo lililowaokoa. Neno moja limetukumbusha kwamba hawa wenye mashoka leo walikuwa na hofu ile ile waliyo nayo watoto wa ukingoni.

Sasa tazama ubeti wa pili: "tumbo zikawa vilima". Hii ni istiara, kwa kuwa hakuna kiungo cha kulinganisha. Vilevile ina chuku, kwa kuwa hakuna tumbo lililowahi kufika ukubwa wa kilima. Sifa inayounganisha ni ukubwa, na ukubwa huo unaashiria shibe. Je, kwa nini kilima? Mshairi angeweza kutumia gunia, pipa au ngoma. Kilima hakisogei. Swara mwepesi wa ubeti wa kwanza amegeuka kuwa kitu kizito kisichoondoka mahali pake. Weka picha hizo mbili pamoja, na utapata hukumu ya nafsineni bila yeye kutamka neno la lawama: wepesi wa shida umegeuka uzito wa shibe. Hapa ndipo tunapopata funzo kubwa zaidi, kwamba tamathali za shairi moja huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ukizieleza moja moja tu, kila moja katika kisanduku chake, mazungumzo hayo hutayasikia.

Ikiwa swali la nne linakutatiza, fanya jaribio hili. Andika mshororo huo upya kwa lugha ya kawaida, kisha tazama kilichopungua. "Nanyi nyote mkavuka haraka." Taarifa imebaki, lakini hofu imeondoka. Kilichoondoka ndicho umuhimu wa tamathali hiyo, na ndicho cha kuandika katika jibu lako.

Tamathali zinazokanganya

Yamkini umewahi kukwama baina ya majina mawili. Yafuatayo ni yale yanayowasumbua watahiniwa mara nyingi.

Tashbihi na istiara. Zote ni ulinganisho. Tashbihi huonyesha kiungo waziwazi: kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, ja. Istiara (au sitiari) huondoa kiungo na kukifanya kitu kimoja kiwe kingine. "Mbio kama vile swara" ni tashbihi, na "tumbo zikawa vilima" ni istiara. Tahadhari: si kila "kama" ni tashbihi. Ukisema "kama utakuja, nitakungoja", hiyo ni sharti tu.

Istiara na tashihisi. Tashihisi (uhuishaji) hukipa kisicho binadamu sifa au matendo ya binadamu. Mto unanguruma kwa hasira, unawacheka watoto, unangoja miili. Gharika haibishi hodi. Mwanafunzi akiandika "mto umelinganishwa na mtu", amefika nusu ya njia. Afafanue ni mtu wa aina gani. Katika ubeti wa kwanza mto ni mtu mwenye hasira, na hasira huweza kutulia. Katika ubeti wa tatu ni mtu anayecheka na kungoja, yaani mwenye uhakika wa kupata alitakalo. Hatari imeongezeka hali maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba daraja linakatwa.

Jazanda na taashira. Taashira ni ishara ambayo jamii imekwisha kuizoea: njiwa kwa amani, asali kwa utamu wa maisha. Jazanda ni picha ambayo mshairi huijenga ndani ya shairi lenyewe hadi ikabeba maana pana, na mara nyingi huenea beti kadhaa au shairi zima. Daraja la shairi letu ni jazanda. Huwezi kulitafutia maana nje ya shairi. Lazima ufuate linavyojengwa, linavyovukwa na linavyovunjwa.

Kinaya na kejeli. Kinaya ni hali kuwa kinyume cha matarajio. Kejeli ni maneno ya kudhihaki. Katika ubeti wa nne, wavunjaji wa daraja ndio watakaolihitaji. Hicho ni kinaya. Kinazidi pale wanapolia "Enyi ndugu!" wakiwaita watu ambao katika ubeti wa pili "hawakuwawazia". Undugu umekumbukwa siku ya shida.

Balagha na nidaa. Kibwagizo ni swali la balagha, maana hakihitaji jibu. Kwa kurudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kinatia mkazo na kumsuta anayeulizwa. "Enyi ndugu!" ni nidaa, yaani mlio wa hisia kali.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu majina yote. Utakuta kitabu kimoja kinasema istiara, kingine sitiari. Kimoja kinatenganisha jazanda na istiara, kingine kinaiita jazanda istiara iliyopanuliwa. Usipoteze dakika kumi za mtihani ukipigana na jina. Taja lile ulilofunzwa, kisha uonyeshe kwa maelezo yako kwamba unajua linavyofanya kazi. Jina sahihi bila maelezo halina ushahidi kwamba umelisoma shairi.

Mipaka ya kufasiri

Hapa kuna hofu mbili. Wapo watahiniwa wanaoogopa kufasiri, hivyo husema shairi linahusu "watu waliovunja daraja". Na wapo wanaofasiri chochote, kwa kuamini kwamba katika ushairi kila jibu ni sawa. Wote wawili hupotea.

Kwanza, tunajuaje kwamba daraja hili si daraja tu? Shairi lenyewe limeacha dalili. Watoto wa ukingoni "wamebeba ndoto zao". Mzigo wa kuvushwa si nguo wala chakula, ni ndoto. Pili, ng'ambo hakuna makazi ya kawaida bali shamba la asali, picha ya ufanisi. Tatu, swali la kibwagizo halimuulizi fundi, linamuuliza aliyenufaika. Dalili tatu zinatosha kutuambia tupande juu ya maana ya kawaida.

Pili, daraja ni nini basi? Mwanafunzi mmoja anaweza kusema ni elimu. Ana ushahidi: wazee waliotandika magogo wanakumbusha jinsi jamii nyingi nchini Kenya, baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, zilivyochanga na kujenga shule za harambee. Waliosomea humo wakapanda vyeo, na nafsineni anawauliza kwa nini wanawafungia wengine njia. Mwingine anaweza kusema ni uhuru na uongozi: wazee walipigana, viongozi wakavuka wakafika kwenye asali, kisha wakawasahau waliobaki. Majibu yote mawili yana miguu ndani ya shairi. Lakini anayesema kwamba daraja ni mapenzi baina ya mume na mke ataeleza vipi wazee, watoto wa ukingoni na mashoka? Fasiri nzuri haiachi ubeti hata mmoja bila kazi. Fasiri mbovu hukumbatia neno moja na kuyatupa mengine. Hicho ndicho kipimo: pitisha fasiri yako katika kila ubeti uone kama itavuka.

Mambo yasiyo tamathali

Kosa jingine linalojirudia ni kuchanganya tamathali na uhuru wa mshairi. "Mlovuka" badala ya "mliovuka", na "walobaki" badala ya "waliobaki", ni inkisari: neno limefupishwa ili mizani itimie. "Tumbo zikawa" badala ya "matumbo yakawa" ni kuboronga sarufi kwa sababu ile ile. Ukisoma "matumbo yakawa vilima" utahesabu mizani tisa katika kipande kinachotakiwa kuwa na nane. Haya hayamo katika orodha ya tamathali. Vivyo hivyo, vina, mizani na kibwagizo ni vipengele vya umbo. Kibwagizo chetu kina balagha ndani yake, lakini kibwagizo chenyewe si tamathali. Ukiulizwa kuhusu uhuru wa mshairi ukajibu tashihisi, hata maelezo mazuri kiasi gani hayatakuokoa.

Majibu matatu, swali moja

Turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Linganisha majibu haya kuhusu mshororo "Mto wawacheka chini, wangoja miili yao":

Jibu la kwanza: "Tashihisi – mto wawacheka." Limetaja na kunukuu. Maelezo hayapo.

Jibu la pili: "Tashihisi. Mto wawacheka. Mto umepewa sifa za binadamu ili kulifanya shairi livutie." Hapa kuna sura ya maelezo, lakini maneno "livutie" na "lipendeze" yanaweza kubandikwa kwenye tamathali yoyote ya shairi lolote duniani. Hayaonyeshi kwamba mwandishi amelisoma shairi hili.

Jibu la tatu: "Tashihisi. Mto wawacheka chini, wangoja miili yao. Mto umepewa tabia ya binadamu ya kucheka na kungoja, kama adui aliye na hakika ya ushindi. Inaonyesha hatari inayowakabili watoto daraja likivunjwa, na kuzidisha lawama kwa wanaolikata." Jibu hili ni sentensi nne. Limetaja, limenukuu, limesema tabia iliyohamishwa na limeifunga kwenye dhamira. Halikuhitaji ukurasa mzima.

Ewe mtahiniwa, chukua mazoea haya: kila unapomaliza kuandika maelezo ya tamathali, jiulize kama sentensi yako ingeweza kuhamishiwa shairi jingine bila kubadilishwa neno. Ikiwa ingeweza, bado hujajibu.

Kwa mwalimu: funza kitu kabla ya picha

Tamathali husimama juu ya ujuzi wa kitu chenyewe. Mshairi wa pwani akisema kwamba kusi limevuma na jahazi limekosa kurudi, anatarajia msomaji ajue kwamba kusi ni upepo wa kutoka kusini, kaskazi ni wa kutoka kaskazini mashariki, na kwamba mabaharia wa zamani walipanga safari zao kwa misimu ya pepo hizo. Mwanafunzi wa Nyandarua au Turkana ambaye hajawahi kuona jahazi hawezi kuifasiri jazanda hiyo kwa kukariri ufafanuzi wa neno jazanda. Atakisia. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa Lamu atahitaji msaada akisoma shairi linalojengwa juu ya barafu ya Mlima Kenya au kaburi la ng'ombe aliyekufa kwa kiangazi.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza "hii ni tamathali gani?", tumia dakika chache kukijadili kitu. Ukifunza shairi la mnazi, waache wanafunzi waorodheshe faida zake: madafu, tui, mbata, makuti ya kuezekea, makumbi ya kusokotea kamba, vifuu vya kuni, tembo. Waambie pia kwamba mti huo huchukua miaka kabla ya kuzaa, hivyo anayeupanda huenda asiwe ndiye atakayeula. Ukimaliza orodha hiyo, hutalazimika kuwaeleza kwa nini mnazi unafaa kuwakilisha urithi wa nchi. Watakuambia wenyewe.

Zoezi jingine linalofaa ni kubadilisha tamathali. Wape mshororo mmoja na uwaombe watie kitu kingine mahali pa kile cha mshairi: "mbio kama vile mwizi", "mbio kama vile mshale". Kisha wajadili jinsi msimamo wetu kuwahusu waliovuka unavyobadilika. Mwizi anatufanya tuwalaumu mapema mno. Mshale unawaondolea hofu. Zoezi hili huchukua muda mfupi, halihitaji kitabu, na humfikisha mwanafunzi kwenye swali la nne bila yeye kujua kwamba ni gumu.

Tunga pia pamoja nao. Mwanafunzi aliyehangaika kutafuta tashbihi ya silabi nane itakayobeba hofu ya mtu anayevuka mto hatadhani tena kwamba mshairi aliokota neno lililokuwa karibu.

Hitimisho

Orodha ya tamathali na fasili zake ni mwanzo mwema, na hatusemi itupwe. Mwanafunzi sharti ajue tashbihi na istiara jinsi seremala anavyojua randa na msumeno. Hata hivyo, hakuna seremala aliyelipwa kwa kutaja majina ya vifaa vyake. Walinzi wa Liyongo waliyasikia maneno yote. Mamake peke yake ndiye aliyejua cha kutia katika mkate. Kwa maswali manne na shairi moja kila wiki, lisomwe polepole, mwanafunzi wa kawaida kabisa anaweza kufika upande wa mama. Anzeni na "Daraja". Tumeacha ubeti wa nne na mishororo kadhaa ya mengine bila kuichambua kikamilifu, kwa makusudi. Gugu lililoota shambani lina kazi gani, na kwa nini mshairi hakutaja ukame au moto?